Mkataba wa Sanifu na Jenga katika Barabara za Umma: Hukumu Yake na Amana Iliyomo Ndani Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh wetu, mimi ni kijana wa Pemba. Nimesomea uhandisi na nimepata kazi kwa mkandarasi wa barabara. Mkataba wa mradi wetu ni wa "sanifu na jenga", yaani mkandarasi mmoja ndiye anayechora na ndiye anayejenga. Kazi yangu ni kupima ubora wa kila tabaka la barabara na kutia saini kuwa limekubalika. Mzee wangu ananambia kuwa mkataba huu una gharar, kwa sababu kinauzwa kitu ambacho hata ramani yake haijachorwa, na kuwa mshahara wangu una shaka kwa sababu tunajikagua wenyewe. Ni ipi hukumu ya mkataba huu, na ni ipi hukumu ya mshahara wangu? Jazakumullahu khayran.

JAWABU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Tunamshukuru kijana wetu kwa kuuliza kabla hajazama katika kazi, na tunamshukuru mzee wake zaidi, kwani mzazi anayeuliza riziki ya mwanawe imetoka wapi ni neema ndani ya nyumba.

Kwa ufupi, mkataba huu kwa asili yake unajuzu kwa masharti tutakayoyataja. Mshahara wa kijana ni halali madamu saini yake ni ya kweli. Hata hivyo mzee ameshika mambo mawili mazito, nayo ni kutojulikana kwa kinachouzwa na mtu kujikagua mwenyewe. Yote mawili yana msingi, na tutayaeleza moja baada ya jingine kwa sababu barabara hizi ni zetu sote.

Mkataba wenyewe ni upi?

Njia iliyozoeleka ya kujenga barabara ya umma ina watu watatu. Wa kwanza ni Serikali, mwenye mradi. Wa pili ni mhandisi mshauri, ambaye anapima ardhi, anachora ramani na kuorodhesha vifaa. Ramani ikishakamilika hutangazwa zabuni, na anayeshinda ndiye mkandarasi, mtu wa tatu, anayejenga kama alivyochorewa. Mara nyingi yule mhandisi mshauri hubaki kazini kumsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi.

Katika sanifu na jenga, wa pili na wa tatu wanakuwa mmoja. Serikali haitoi ramani kamili. Inaandika inachokitaka: barabara itoke wapi mpaka wapi, ibebe magari ya uzito gani, idumu miaka mingapi, ihimili mvua ya kiasi gani bila ya kufurika. Kampuni au kundi la kampuni hupewa mkataba mmoja wa kuchora na kujenga, kwa bei moja na kwa muda uliowekwa. Hapa kwetu Tanzania njia hii si ngeni. Reli ya kisasa baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ambayo mkataba wake ulisainiwa mwaka 2017, ilijengwa kwa sanifu na jenga, na mwaka 2023 Serikali ilisaini Bara mikataba ya barabara ambayo mkandarasi anasanifu, ananunua vifaa, anajenga na kutafuta fedha.

Tukitazama vizuri tutaona kuwa wazee wetu waliijua njia hii kabla ya wahandisi. Mwenye mali aliyetaka jahazi alikwenda kwa fundi wa Nungwi, na hakukuwa na karatasi baina yao. Alimwambia urefu anaoutaka, shehena atakayobeba na safari atakayokwenda. Umbo la jahazi lilikuwa kichwani mwa fundi, na fundi huyo huyo ndiye aliyesimamisha mkuku, akapachika mataruma na kupigilia mbao. Huo ndio usanifu na ujenzi katika mkono mmoja. Lakini mwenye mali mwenye akili hakukaa nyumbani akingoja siku ya kushua. Alipita kiwandani kutazama mbao kabla hazijatiwa kalafati na kupakwa rangi, kwa sababu chini ya rangi mbao mbovu na mbao nzima zinafanana. Tutarudi kwa mwenye mali huyu.

Kwa nini serikali zinaipenda njia hii?

Sababu ya kwanza ni dhamana. Katika njia ya zamani, barabara ikibomoka mjenzi husema kosa ni la mchoraji, na mchoraji husema kosa ni la mjenzi. Mwaka 1918 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mkandarasi aitwaye Spearin, aliyekuwa akijenga gudi la meli za kivita huko Brooklyn. Alijenga mfereji kama ulivyochorwa na Serikali, mfereji ukapasuka na eneo la kazi likafurika. Mahakama ilisema kuwa mkandarasi aliyefuata ramani aliyopewa hawajibiki kwa kasoro za ramani hiyo. Tangu hapo mwenye mradi huko anajua kwamba akitoa ramani, ameidhamini. Katika sanifu na jenga anayechora ndiye anayejenga, basi hana wa kumsukumia lawama.

Sababu ya pili ni muda. Mchoraji na mjenzi wakiwa kitu kimoja, msingi unaweza kuanza kuchimbwa huku sehemu za juu bado zinachorwa. Katika jimbo la Utah, Marekani, barabara kuu ya Salt Lake City, kiasi cha kilomita 27, ilijengwa upya kwa njia hii kuanzia mwaka 1997 na kumalizika mwaka 2001, kabla ya mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002. Mwaka 2006 mamlaka ya barabara kuu ya Marekani ilitoa utafiti wake, na wasimamizi wa miradi waliohojiwa walikadiria kuwa njia hii ilipunguza muda kwa wastani wa asilimia 14 na gharama kwa asilimia 3, na ubora ukabaki ule ule. Basi faida yake kubwa ni wakati. Anayetarajia bei ya kutupa hajaielewa njia hii.

Je, kuna gharar ndani yake?

Tuje kwenye hoja ya kwanza ya mzee. Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, yaani ambayo mwisho wake umefichika kiasi cha kuleta dhulma na ugomvi. Je, kuuza barabara isiyochorwa si katika hayo?

Wengi wetu katika visiwa hivi tumesoma fiqhi ya Imam Shafii (Allah amrehemu). Katika madhehebu hayo, kuagizia kitu ambacho bado hakijatengenezwa kunarudishwa kwenye mkataba wa salam, ambao bei yake yote hulipwa pale pale kwenye kikao. Kwa barabara hilo haliwezekani, wala si busara kumlipa mkandarasi fedha zote kabla hajashika sururu. Mahanafi waliukubali mkataba unaoitwa istisnaa, kwa kuwa watu wameutumia zama kwa zama bila ya kukatazwa. Hao nao walihitalifiana kama unamfunga mtu tangu mwanzo, na kauli ya Abu Yusuf kuwa unafunga ndiyo iliyochukuliwa na Majalla, sheria za dola ya Uthmaniya za karne ya 19.

Katika zama zetu suala hili lilifika mbele ya Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye wanachuoni wa madhehebu mbalimbali. Katika kikao chake cha saba, Jeddah, mwaka 1992, baraza lilipitisha kuwa istisnaa ni mkataba unaozifunga pande zote mbili kwa masharti: zibainishwe jinsi, aina, kiasi na sifa za kitu kinachotakiwa, na uwekwe muda. Bei inaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Katika kikao cha kumi na nne, Doha, mwaka 2003, baraza likazungumzia ukandarasi wenyewe. Mkandarasi akitoa kazi na vifaa, hiyo ni istisnaa. Akitoa kazi peke yake na vifaa ni vya mwenye mradi, hiyo ni ijara.

Mfano wake ni kanzu ya Idi. Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa chako, umekodi kazi yake. Ukimwambia akushonee kwa kitambaa chake, umemuagizia kanzu. Yote mawili yanafaa, na katika yote mawili fundi ndiye anayekata kitambaa kwa ujuzi wake. Hukumdai mchoro. Ulichomtajia ni urefu, upana, aina ya kitambaa na siku unayoitaka.

Kwa hivyo kinachoondoa gharar ni sifa zilizoelezwa kiasi cha kukata ugomvi. Ramani ni njia moja ya kueleza sifa, na si njia pekee. Serikali ikiandika kuwa inataka "barabara nzuri ya lami", hiyo ni gharar na mzee amesema kweli. Ikiandika upana, uzito wa magari, unene wa chini kabisa wa kila tabaka, mvua ambayo mitaro na makalvati yatahimili, miaka ya uhai wa barabara na vipimo vya kuthibitisha hayo yote, basi sifa zinajulikana na mkataba unafaa.

Kuna mambo matatu ya kuongeza hapa.

La kwanza ni ardhi. Visiwa vyetu vimekaa sehemu nyingi juu ya jiwe la matumbawe, na ndani yake mna mapango na mashimo ambayo macho hayayaoni. Mwenye mradi apime udongo kabla ya zabuni na awape washindani wote taarifa ile ile, na mkataba useme wazi nani atabeba gharama likitokea pango chini ya njia. Kuliacha jambo hili kimya ndiko kunakozaa gharar.

La pili ni mabadiliko. Kila kinachoongezwa au kupunguzwa baada ya kusaini kiandikwe pamoja na bei yake na muda wake. Mwenyezi Mungu katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'an, ametufundisha kuandika na kushuhudisha. Ikiwa deni dogo la dukani linastahiki kuandikwa, vipi kazi ya mabilioni ya mali ya umma?

La tatu ni faini ya kuchelewa. Wengi hutuuliza kama ni riba. Baraza la Fiqhi, katika kikao cha Riyadh cha mwaka 2000, lilipambanua kwa uzuri. Mkandarasi akichelewesha kazi bila ya udhuru, faini inafaa, kwa sababu kilichocheleweshwa ni kazi. Serikali ikichelewesha malipo yaliyokwisha kuwa deni, kutoza nyongeza juu ya deni hilo ni riba na haifai. Dawa yake ni kulipa kwa wakati, kwani tajiri kuchelewesha haki ya watu ni dhulma. Na mradi ukijengwa kwa mkopo wa riba, dhambi ya riba iko kwenye mkopo. Haigeuzi mkataba wa ujenzi wenyewe kuwa haramu, wala haimuingii kijana anayepima kokoto kwa haki.

Nani anamkagua fundi?

Sasa hoja ya pili ya mzee, ambayo sisi tunaiona ni nzito zaidi. Katika njia ya zamani, baina ya mjenzi na mwenye mradi kulikuwa na jicho la mtu wa tatu. Katika sanifu na jenga jicho hilo limeingia kwenye mfuko wa mkandarasi. Msanifu anaajiriwa na mjenzi, na mpimaji wa ubora, kama kijana wetu, analipwa na mjenzi. Usipowekwa ukaguzi mwingine, tumebaki na fundi anayejipa cheti mwenyewe.

Matukio mawili ya Marekani yanatosha kuwa mazingatio.

La kwanza ni la Minneapolis. Tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu juu ya mto Mississippi lilianguka wakati wa msongamano wa jioni. Walikufa watu 13 na kujeruhiwa 145. Uchunguzi ulionesha kuwa baadhi ya vibati vya chuma vya kuunganishia vyuma vya daraja vilichorwa vyembamba, takriban nusu ya unene uliohitajika, tangu daraja lilipojengwa katika miaka ya 1960. Kosa la mchoraji lilikaa pale miaka 40, na magari yakipita juu yake kila siku. Tunalitaja hili ili mtu asidhani kuwa njia ya zamani inatosha kwa kuwa tu ina watu watatu. Macho yakiwa matatu na yote yamelala, hakuna aliyeona.

Daraja jipya lilijengwa kwa sanifu na jenga. Kampuni nne zilishindana. Aliyeshinda alitaja bei ya juu kuliko wote, kiasi cha dola milioni 234, kwa kuwa alama zake za kitaalamu ziliwazidi wenzake na sheria ya jimbo iliruhusu kupima ubora na muda pamoja na bei. Walioshindwa walilalamika, kesi ikafika mpaka mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 2010 mahakama ikauthibitisha uamuzi ule. Daraja lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, chini ya mwaka mmoja tangu mkataba kusainiwa. Hapa tunakumbuka kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas, pale binti alipomshauri baba yake amuajiri, akataja sifa mbili za mwajiriwa bora, nguvu na uaminifu. Urahisi wa bei hakuutaja.

Tukio la pili ni la Miami. Mwaka 2018 chuo kikuu kimoja kilijengewa daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara ya magari, nalo kwa sanifu na jenga. Nyufa zilionekana kwenye zege na zikazidi kukua. Asubuhi ya tarehe 15 Machi wahusika walikaa kikao, na mhandisi msanifu akasema hapana hatari. Magari yakaachwa yapite chini. Mchana wa siku hiyo daraja liliangukia magari, wakafa watu sita, mmoja wao mfanyakazi wa daraja hilo. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2019 ilionesha kuwa hesabu za uzito na uimara zilikosewa. Mkaguzi wa pili aliyetakiwa kuzipitia hesabu hizo aliajiriwa na wasanifu wale wale, wala hakuzikagua hatua za kati za ujenzi. Tena ripoti iliwalaumu wote kwa kutoifunga barabara: mwenye mradi, msanifu, mjenzi na msimamizi. Kila mmoja alimwangalia mwenzake.

Na kampuni ya wahandisi iliyosanifu daraja jipya la Minneapolis ndiyo iliyosanifu daraja la Miami. Basi jina kubwa na kazi njema ya jana haziwi badala ya ukaguzi wa leo.

Kutokana na haya tunasema kuwa sharti la nne la kujuzu kwa mkataba huu katika mali ya umma ni mwenye mradi kubaki na jicho lake mwenyewe. Awe na mhandisi anayemlipa yeye, asiyepokea hata kikombe cha chai kwa mkandarasi, mwenye haki ya kuingia kazini siku yoyote, kutoboa lami na kupima, na kusimamisha kazi. Mtu binafsi akiamua kumuachia fundi nyumba yake bila ya kumtazama, hiyo ni mali yake. Serikali haina uhuru huo, kwani fedha ni za watu, na mwenye kushika mali ya watu ni mwakilishi wao. Tumerudi kwa yule mwenye jahazi: mbao zitazamwe kabla ya rangi.

Kwa kijana aliyeuliza

Mwanetu, kazi yako ni halali na huenda ikawa ibada. Mtume (s.a.w.) ameifanya kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa ni katika tanzu za imani. Huyo ni mtu aliyeokota mwiba. Unadhani vipi kuhusu anayelizuia shimo lisitokee?

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) aliogopa kuulizwa na Mwenyezi Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kuwa hakumsawazishia njia. Yeye alikuwa Madina. Wewe uko pale pale juu ya kifusi, na kipimo kiko mkononi mwako.

Kwa hivyo shika haya. Usitie saini tabaka ambalo hukulipima, wala kipimo ambacho hukukishuhudia. Anayepunguza unene wa lami kwa sentimita moja anaingia kwenye onyo la Suratul Mutaffifin sawa na muuza mchele anayepunja mizani, na wewe ukitia saini umemshikia mizani. Usipokee zawadi kwa sababu ya cheo chako, kwani Mtume (s.a.w.) alimkemea hadharani mtumishi aliyerudi na mali ya umma akasema kuwa hii ni yenu na hii nimezawadiwa. Ukiambiwa "tia saini tu, mvua inakuja", andika ripoti kwa tarehe na ubaki na nakala. Mkubwa wako asiposikia, mfikishie mhandisi wa Serikali. Ukilazimishwa kusema uongo na hakuna wa kukusikiliza, hapo acha kazi, na riziki yako iko kwa aliyekuumba.

Kwa familia zinazopitiwa na barabara

Tumalizie na walioko pembezoni mwa njia, kwani mkataba huu una jambo linalowagusa hasa. Katika njia ya zamani ramani hukamilika kabla ya mkandarasi kuja, hivyo nyumba zitakazoguswa zinaweza kujulikana mapema. Katika sanifu na jenga mkataba unaweza kusainiwa na njia ya mwisho bado haijapigwa mstari. Familia inaweza kuishi miezi bila ya kujua kama ukuta wake utawekwa alama, na shamba lake la mikarafuu litabaki au litakatwa.

Kumuachia mkandarasi uchoraji hakumaanishi kumuachia haki za watu. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume alihitaji nyumba ya Al-Abbas (r.a.), naye akakataa. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab (r.a.) awaamue, na hukumu ikawa ya Al-Abbas dhidi ya Khalifa. Baada ya kupata haki yake, Al-Abbas akaitoa nyumba ile sadaka kwa Waislamu. Ikiwa kwa msikiti ule mtukufu haki ya mwenye nyumba haikurukwa, haitarukwa kwa ajili ya lami. Fidia ithaminiwe kwa haki na ilipwe kabla ya kubomoa.

Basi mkiitwa kwenye mkutano wa shehia, muulizeni sheha na wahandisi maswali haya kwa adabu na bila ya woga:

1. Njia ya mwisho itajulikana lini, na nani atatujuulisha?
2. Fidia ya nyumba, minazi na mikarafuu italipwa na nani, na itakuwa kabla ya kubomolewa au baada yake?
3. Maji ya mvua kutoka barabarani yataelekezwa wapi? Barabara nzuri inayomwaga maji kwenye nyumba za watu ni madhara, na katika dini yetu hapana kudhuru wala kulipizana madhara.
4. Makaburi, misikiti na mali za wakfu zilizomo njiani zimeandikwa? Kwa mali za wakfu, ifikiwe mapema Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.
5. Mkaguzi wa Serikali ni nani, na nani anamlipa?
6. Baada ya kukabidhiwa, mkandarasi atatengeneza kasoro kwa muda gani?

Swali la tano ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo ambalo watu hulisahau. Jibu likiwa kwamba mkaguzi analipwa na mkandarasi na hakuna mwingine, semeni pale pale kuwa hilo halitoshi, na sheha aliandike.

Hitimisho

Mkataba wa sanifu na jenga unajuzu zikitimia sharti nne: sifa za kazi zijulikane, bei na muda viwekwe, mabadiliko yaandikwe, na mwenye mradi awe na mkaguzi wake asiyemtegemea mkandarasi. Ikikosekana mojawapo katika tatu za mwanzo, umeingia ugomvi. Ikikosekana ya nne, umefunguliwa mlango wa khiyana, na mlango huo hulipiwa na abiria wa daladala asiyejua hata jina la aliyetia saini.

Mwanzoni mwa Suratul Maida Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza mikataba, na katika Suratun Nisaa ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Wenye amana ya barabara ni wote watakaopita juu yake, mpaka mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amthibitishe kijana wetu, ambariki mzee wake, awaongoze wenye dhamana ya mali zetu, na atulinde safarini na majumbani mwetu. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.